Reli Isiyofika Kwetu: Habari za Stima, Gari la Moshi, na Kazi ya Kuvitunza



Katika mkutano mkuu uliopita kijana mmoja alisimama, akaomba radhi kwa kusema mbele ya wazee, kisha akauliza: "Baba zetu, mnatuambia kwamba zamani watu walipanda stima ya reli hapa Homa Bay, wakashuka Kisumu, wakaingia gari la moshi mpaka Nairobi na Mombasa. Stima hiyo ilikwenda wapi? Ilizama, ama iliuzwa?" Watu wakacheka, lakini hakuonekana mtu wa kumjibu kwa ukamilifu. Siku iyo hiyo, baada ya chakula cha mchana, tulijadiliana juu ya kununua gari la chama la kuchukulia maiti na wafiwa, na mjadala ule haukwisha. Kamati ikaona kwamba maneno haya mawili ni ndugu, ikaniagiza niandike habari hizi zitiwe katika taarifa ya mwaka huu. Nami nimeandika kama nilivyoweza.

Kwanza na lisemwe jambo ambalo wageni hawalijui. Reli ya abiria haikufika kwetu kamwe. Tangu Oyugis hata Isebania, na tangu Kendu Bay hata Muhuru, halikutandikwa taruma hata moja kwa ajili ya msafiri. Walakini watu wa Homa Bay na Migori ni watu wa reli kama walivyo watu wa Makongeni au Changamwe, kwa sababu njia yetu ya kutokea ilikuwa ziwa, na stima za ziwani zilikuwa mali ya reli. Aliyeuza tikiti, aliyepaka rangi, aliyetia mafuta katika mitambo, wote walilipwa na mkono mmoja. Ndiyo sababu gari la moshi lilipougua huko mbali, sisi tulisikia homa yake huku.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, na tarehe 20 Desemba 1901 ikafika ukingo wa ziwa, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence, ndipo Kisumu ya sasa. Chuma kilikoma pale, lakini safari haikukoma. Kabla reli haijafika, stima iliyoitwa William Mackinnon ilikuwa imeletwa kutoka pwani vipande vipande, na vipande hivyo vilichukuliwa na wapagazi katika nchi kavu, vikaunganishwa ukingoni mwa ziwa na chombo kikashushwa majini mwaka wa 1900. Baada yake zikaja Winifred, na Sybil, na Clement Hill ya mwaka wa 1907, zote zikiletwa vipande kwa njia ya reli na kuunganishwa Kisumu kwa ribiti. Usoga ilishushwa majini mwaka wa 1913, na dada yake mwaka wa 1914. Dada huyo aliitwa Rusinga. Hebu fikirini: meli iliyoundwa Uskoti ilipewa jina la kisiwa chetu katika siku ambazo wengi wa babu zetu wa Rusinga walikuwa hawajaliona gari la moshi kwa macho yao.

Mwaka uo huo wa 1914 vita vikazuka, na mwezi wa Septemba Wajerumani wakaingia Karungu na Kisii. Stima za abiria zikatiwa mizinga, na Winifred ikatumwa Karungu. Habari hiyo ni ndefu, nami sitaieleza hapa. Naitaja tu ili vijana wajue kwamba bandari zetu ndogo zilikuwa na jina zamani. Karungu palikuwa na kituo cha serikali kabla ya Kisii.

Basi kwa miaka mingi mtu wa Suna, wa Rongo au wa Gwassi aliyeitwa na kazi mjini alishuka kwa miguu mpaka ziwani, na baadaye kwa lori, akapanda stima katika bandari moja ya ghuba, akaamkia Kisumu. Pamba yetu ilipita njia ile, na samaki, na ng'ombe, na barua, na fedha za kodi. Vijana wakaenda kufanya kazi bandarini Mombasa, katika mashamba ya chai Kericho, na katika reli yenyewe. Wengi sana waliingia reli. Wakawa wachochea moto, mafundi, makarani, magadi, na watu wa genge. Na ndipo vyama kama hiki chetu vilipozaliwa, katika nyumba za reli na vijumba vya mijini, kwa sababu mtu akiugua au akifa mbali, hapana budi ndugu zake wapate habari na nauli. Mweka hazina wa chama alikuwa akijua saa za gari la moshi kama anavyojua saa za ibada. Gari likichelewa, mazishi yalichelewa, na mjane alikaa siku nyingine na wageni asiokuwa na cha kuwalisha.

Nataka kukaa kidogo katika kazi ya utunzaji, maana hiyo ndiyo shina la habari yote, na ni kazi iliyofanywa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kila gari la moshi lilipotua katika kituo kikubwa, alitoka mtu mwenye nyundo ya mpini mrefu. Alipita upande mmoja wa mabehewa na kurudi upande wa pili, akigonga kila gurudumu. Gurudumu zima hulia kama kengele. Gurudumu lenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Abiria aliyelala alikasirika kwa kuamshwa na kelele ile, hakujua kwamba ndiyo iliyokuwa ikimlinda. Mtu huyo hakuhitaji kusoma sana. Alihitaji sikio, na usiku usiokuwa na haraka. Akitiliwa shaka neno lake, behewa lilitolewa katika mstari, hata ikiwa mkubwa wa kituo amekunja uso.

Wa pili ni mtu wa mafuta. Katika mabehewa ya kizamani, ncha za ekseli zililala ndani ya vikasha vilivyotiwa pamba iliyolowa mafuta. Pamba ikikauka, au mafuta yakiibwa, au kifuniko kikipotea na mchanga ukaingia, chuma husaga chuma mpaka kikasha kinatoa moshi, na mwisho ekseli hukatika gari likiwa mbioni. Huo ndio ugonjwa mkubwa wa magari ya moshi duniani kote katika siku zile, na dawa yake ilikuwa kikopo cha mafuta na mtu wa kupiga magoti.

Wa tatu ni watu wa genge, waliokaa katika landi kando ya njia, kila genge na kipande chake. Kila siku walitembea wakitazama mataruma, wakikaza nati, wakishindilia kokoto chini ya reli, wakisafisha mifereji ya maji chini ya madaraja. Nairobi bado iko barabara iitwayo Landhies, lakini wengi wapitao pale hawajui neno hilo lilikotoka. Mnyapara wa genge alijua kila daraja dogo la kipande chake, na kila mtaro ambao mvua za Aprili huuziba.

Wa nne ni watu wa boila. Injini za mvuke zilikunywa maji ya nchi, na maji ya nchi kavu yana chumvi na chokaa. Chokaa hiyo hushika ndani ya boila kama ukoko wa sufuria, na isipokwanguliwa kwa wakati wake huleta hasara, au msiba. Injini kubwa za Garratt za aina ya 59, thelathini na nne kwa hesabu, zilizoletwa kutoka Manchester tangu mwaka wa 1955 na kupewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki, zilikuwa na uzito wa tani 250 na zaidi kila moja. Wageni walikuja kuzipiga picha. Lakini hapana injini iliyo kubwa kiasi cha kutohitaji mtu wa kuingia kukwangua ukoko.

Na stima nazo zilikuwa na hospitali yao, yaani gudi ya Kisumu. Meli huletwa ndani, lango likafungwa, maji yakavutwa, na chombo kikabaki juu ya magogo, tumbo lake wazi. Ndipo watu hugonga mabamba kwa nyundo, wakikwangua kutu, wakibadilisha ribiti, wakipaka rangi. Hata MV Victoria, iliyoanza safari mwaka wa 1961, iliunganishwa papo hapo Kisumu. Kwa hiyo tukisema kwamba Kisumu palikuwa mji wa reli, tusifikiri stesheni tu. Palikuwa na ujuzi wa chuma na maji uliokaa mikononi mwa watu, na ujuzi wa namna hiyo baba humpa mwana kwa kusimama naye kazini.

Msinielewe kuwa nasifu zamani. Mwafrika alisafiri daraja la tatu, juu ya bao, na kwa muda mrefu hakupewa kazi ya udereva wa gari la abiria wala cheo cha fundi mkuu, ijapokuwa mikono yake ndiyo iliyofanya kazi. Mwaka wa 1947, mwezi wa Januari, wafanyakazi wa Mombasa waligoma, wa reli wakiwa miongoni mwao, kwa ajili ya mshahara na nyumba. Na mwishoni mwa 1959 chama cha wafanyakazi Waafrika wa reli katika Kenya kiligoma tena. Reli ile ilitunza chuma vizuri kuliko ilivyotunza watu. Hilo ni aibu yake. Lakini chuma ilikitunza, na daraja la tatu lilifungwa breki ile ile iliyofungwa daraja la kwanza.

Juu ya breki inanipasa kueleza, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi walipofia.

Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh katika Ireland, gari la moshi lililochukua watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao lilishindwa kupanda kilima. Wenye gari wakakata mabehewa ya nyuma ili wavute nusu nusu, wakatia mawe chini ya magurudumu. Mabehewa yakaponyoka, yakarudi nyuma kuteremka, yakagonga gari jingine lililokuwa likifuata. Walikufa watu 80. Breki za gari lile zilikuwa za namna ambayo mabehewa yakikatwa, hazishiki tena. Mwaka uo huo bunge la Uingereza likatunga sheria kwamba kila gari la abiria liwe na breki zinazojifunga zenyewe behewa likikatika. Hayo yalitukia miaka saba kabla ya taruma la kwanza kutandikwa Mombasa.

Breki ya hewa hufanya kazi hivi. Injini husukuma hewa katika bomba linalopita chini ya mabehewa yote, na kila behewa lina pipa lake la akiba. Hewa ikijaa katika bomba, breki hufunguka. Ikipungua au bomba likikatika, pipa la akiba husukuma breki, zikashika magurudumu. Ni hekima kubwa, maana ajali yenyewe ndiyo hufunga breki. Lakini hekima hiyo hukaa juu ya vipande vya mpira na ngozi, na juu ya valvu ndogo. Mpira ukiwa mkuukuu, gari likisimama katika mwinuko, hewa huvuja polepole, na breki iliyoshika vema saa ya kwanza hulegea baadaye. Ndiyo maana kanuni za reli zataka breki za mkono zifungwe na vigingi vitiwe chini ya magurudumu kabla mtu hajaanza kutafuta ubovu ulipo. Pima basi: behewa lenye watu themanini huweza kutegemea mpira wa bei ya chakula cha mchana.

Na njia yetu ya Kisumu si njia ya tambarare. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Njia hupanda mpaka Mau Summit, zaidi ya mita 2,500, kisha huteremka Nakuru. Katika magenge ya Mau imepita juu ya madaraja marefu ishirini na saba. Njia ya namna hiyo haimsamehe mtu asiyekagua breki.

Sasa nije kwenye kuanguka kwake. Wengi husema kwamba mambo yaliharibika mwaka wa 1977. Mimi naona mbegu ni ya zamani zaidi. Wakubwa wa reli walipoipeleka njia kuu Eldoret, na ikafika Kampala mwaka wa 1931, Kisumu iliacha kuwa mwisho wa safari ikawa tawi. Mizigo ya Uganda haikuhitaji tena kuvuka ziwa. Katika kila shamba mti ukikosa maji, tawi hukauka kwanza. Na sisi tulikuwa tawi la tawi, kwa kuwa stima za ghuba zilining'inia katika Kisumu. Maji yalipopungua tulianza sisi.

Lakini kweli 1977 ilikuwa pigo. Shirika la Reli la Afrika ya Mashariki lilikuwa mali ya nchi tatu. Tangu katikati ya miaka ya 1970 nchi hizo ziligombana juu ya fedha za mapato kupelekwa makao makuu Nairobi, na Jumuiya ikavunjika. Kila nchi ikashika kilichokuwa ndani ya mipaka yake siku ile. Karakana kuu ilikuwa Nairobi, nayo gudi ya Kisumu ikabaki Kenya. Meli kubwa ya Victoria ikawa ya Tanzania, na Uhuru, ile inayobeba mabehewa ya mizigo, ikawa ya Kenya. Tanzania ilibaki na injini bila hospitali yao kuu, mpaka ikajenga karakana ya dizeli Morogoro. Kenya ilibaki na hospitali kubwa iliyojengwa kwa ajili ya nchi tatu, na wagonjwa wa nchi moja wa kulipia gharama zake. Watu hufikiri kwamba aliyeshika karakana ndiye aliyepata. Lakini karakana bila mapato hula mali kama ng'ombe asiye na maziwa.

Hapo ndipo yalipoanza mashauri ya namna fulani katika mashirika yetu yote, na naomba wanachama wayasikilize. Fedha zikipungua, mkubwa hutazama hesabu. Mshahara hauwezi kukatwa, watu watapiga kelele. Dizeli haiwezi kukatwa, gari litasimama leo. Lakini mafuta ya ekseli, mpira wa breki, kokoto za njia, rangi ya meli, ukivikata leo gari litakwenda leo na kesho pia. Kwa hiyo hukatwa hivyo. Mwaka wa kwanza hapana anayeona. Mwaka wa pili mkubwa husifiwa kwa kuweka akiba. Mwaka wa tano injini tatu zasimama karakanani, na mafundi huvua vipande vya moja ili kuiponya nyingine, mpaka hiyo iliyovuliwa haiwi injini tena, ni mifupa. Chuma hakilii siku ile ukikinyima mafuta, na anayekuja kulilia si yeye aliyekinyima.

Katika miaka ya 1980 na 1990 abiria wa Kisumu walijifunza desturi mpya. Msafiri mwenye akili alibeba mshumaa, kwa kuwa huenda taa za behewa hazikuwaka; alibeba dumu la maji, kwa kuwa mabomba yalikauka; alibeba gazeti la kuziba dirisha lisilofunga. Aliyetazamiwa asubuhi alifika alasiri. Watu walizoea, na kuzoea huko ni msiba wa namna yake, kwa kuwa abiria aliyezoea giza hadai taa. Waliokuwa na uwezo wakahamia basi. Mapato yakapungua, na mapato yalipopungua utunzaji ukapunguzwa tena. Ziwani kadhalika: gugumaji lilikuwa limeingia, likaziba bandari ya Kisumu katika miaka ya 1990, na safari za stima za reli katika ghuba zikafifia mpaka zikakoma. Maelfu ya wafanyakazi wa reli waliachishwa kazi, na pamoja nao likaenda sikio la kugonga gurudumu. Watu wa genge walipoondoka katika landi, ujuzi wa kila mtaro uliondoka nao.

Halafu yakaja mauti. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Januari 1993, gari la abiria kutoka Nairobi kwenda Mombasa lilifika katika daraja la Ngai Ndethya, katika nchi ya Wakamba, mto ukiwa umefurika na daraja limechukuliwa na maji. Walikufa watu zaidi ya mia. Jina la mto ule katika Kikamba ni dua ya kuomba msaada wa Mungu. Tarehe 24 Machi 1999 gari jingine la njia ile ile liliacha reli karibu na Tsavo, wakafa 32. Katika treni za Mombasa hawakukosa watu wetu, na vyama vya kama chetu viliitwa kuwatafuta ndugu, katika wodi na katika vyumba vya maiti.

Upande wa kusini, ambako wenzetu wa Migori wana jamaa na biashara mpaka Mwanza, ilikuwa vibaya zaidi. Meli ya MV Bukoba, iliyokuwa mali ya shirika la reli la Tanzania, ilipinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu wakaangamia. Na asubuhi ya tarehe 24 Juni 2002, katika mkoa wa Dodoma, gari la abiria lenye watu zaidi ya 1,200 lilipata taabu ya breki katika mwinuko karibu na Msagali. Likaanza kurudi nyuma. Lilirudi likiongeza kasi, mpaka karibu na Igandu likagongana na gari la mizigo lililokuwa katika njia ile ile. Walikufa watu 281.

Yasomeni tena maneno ya Armagh niliyoandika juu. Kilima, gari lililoshindwa, kurudi nyuma, gari jingine nyuma yake. Miaka mia moja na kumi na tatu ilikuwa imepita, na dawa ilikuwa imekwisha kujulikana tangu mwaka ule wa kwanza. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba Afrika ilikosa ujuzi. Watu wa mkoa ule ule wa Dodoma walikuwa wakipandisha magari katika kilima kile tangu siku za Wajerumani.

Mwaka wa 2006 reli za Kenya na Uganda zilikabidhiwa kampuni kwa mapatano ya miaka ishirini na mitano. Mapatano yakavunjwa mwaka wa 2017, kabla ya nusu ya muda wake. Mwaka uo huo wa 2017 reli mpya ya Mombasa na Nairobi ikafunguliwa. Gari la abiria la Kisumu lilikuwa limekoma kwa miaka mingi, na nyasi zilimea kati ya reli. Kisha njia ya zamani ya Nakuru mpaka Kisumu, kilomita 217, ikatengenezwa, na Desemba 2021 gari la abiria likaingia tena Kisumu, watu wakajaa stesheni wakipiga vigelegele, wazee wengine wakilia. Mwishoni mwa 2019 meli ya Uhuru ilikuwa imerudi majini baada ya kulala miaka zaidi ya kumi. Na mwaka wa 2020 Victoria, iliyokuwa imesimama tangu 2014, ilirudi kazini huko Tanzania. Angalieni umri wao: meli hizi ziliundwa katika miaka ya 1960. Mabamba yao yaliweza kufufuliwa baada ya nusu karne na zaidi, kwa sababu watu wa gudi ya Kisumu walikuwa wameyakwangua na kuyapaka rangi katika miaka ile ya kwanza.

Basi, mwanangu uliyeuliza, stima ya Homa Bay haikuzamishwa na dhoruba. Ilikatwa kidogo kidogo katika vitabu vya hesabu, mwaka baada ya mwaka, na watu ambao wengi wao hawakuwa waovu, ila walikuwa na haja nyingine za haraka. Iliyobaki ni gati, na majina.

Nikirudi kwenye gari la chama. Nilisikiliza mjadala wa siku ile kwa makini. Tulizungumza saa nzima na zaidi juu ya ukubwa wa gari, na rangi yake, na kama jina la chama liandikwe ubavuni ama mbele. Juu ya breki zake hapakusemwa neno. Gari hilo litapanda kutoka Kisumu mpaka Kisii na kuteremka Migori likiwa na jeneza na watu kumi na wanne, aghalabu usiku, kwa kuwa wafiwa husafiri usiku. Dereva wake atakuwa amechoka kama wao. Tukilinunua kwa fedha zote tulizo nazo, mwaka wa kwanza litang'aa. Mwaka wa tatu mtu atakuja kwa kamati akisema mpira wa breki umekwisha, na kamati itatazama hesabu, na hesabu itakuwa na mjane anayengoja msaada wake. Sisi nasi tutamwambia fundi angoje kidogo.

Kwa hiyo naweka mbele ya mkutano ujao shauri hili, na wazee walikosoe. Gari linunuliwe la bei ndogo kuliko tuliyokusudia, na ile iliyobaki iwekwe katika fungu la peke yake la matengenezo, ambalo kamati haina ruhusa ya kuligusa kwa jambo jingine, hata la huruma. Kila safari ichangie fungu hilo kabla ya kutoa posho ya mtu yeyote. Na fundi atakayelikagua gari asiwe jamaa wa dereva wala wa mwenyekiti, naye akisema lisiende, lisiende, ijapokuwa maiti iko mlangoni na mvua inanyesha. Najua neno hilo la mwisho ni gumu. Nililiandika, nikalifuta, nikaliandika tena.

Mzee mweka hazina amekwisha kununua daftari. Jalada lake ameliandika kwa mkono wake, "Fungu la Gari", na kurasa zake zingali nyeupe.